Mnyororo wa Mtumbwi

Shikamooni wazee wangu. Na ninyi wengine, habari za jioni.

Nilipokuwa na miaka tisa, kule kwetu Ukerewe, baba yangu mdogo alifungwa mguu kwenye mwembe nyuma ya nyumba. Mnyororo wenyewe ulikuwa wa mtumbwi, bado unanuka dagaa. Pale ulipogusa kifundo cha mguu, bibi aliuzungushia kitambaa cha kanga alichokishona mwenyewe, chuma kisimchubue mwanawe. Basi msidhani waliomfunga hawakumpenda. Bibi alihofia ataingia ziwani usiku.

Ukiuliza nani alifungua minyororo ya wagonjwa wa akili, utaambiwa Philippe Pinel, daktari wa Ufaransa, aliyeanza kazi hospitali ya Bicêtre, Paris, mwaka 1793. Ipo picha mashuhuri iliyochorwa miaka mingi baadaye: daktari amesimama, mwanamke mgonjwa anafunguliwa. Lakini pale Bicêtre minyororo iliondolewa mwaka 1797, Pinel ameshahamia hospitali nyingine. Aliyeiondoa ni Jean-Baptiste Pussin.

Huyu Pussin hakuwa daktari. Alikuwa fundi wa ngozi, akaletwa pale akiugua kifua kikuu cha tezi, akapona, akabaki kufanya kazi, hatimaye akawa msimamizi wa wagonjwa wa akili, akisaidiana na mkewe Marguerite. Aliwakataza wahudumu kuwapiga wagonjwa, na alipenda kuajiri waliopona. Pinel mwenyewe alikiri kwamba alijifunza mengi kwake. Ni kweli, waliochafukwa sana Pussin bado aliwavalisha koti la kufunga mikono, wala siwafichi hilo. Ila alikuwa amelala kwenye vitanda vya hospitali ile ile, na mimi naamini ndiyo maana aliona ambacho wengine walikipita.

Huku Afrika, mwaka 1954, Dakta Thomas Lambo wa Nigeria aliwapangishia wagonjwa nyumba za wanakijiji karibu na hospitali ya Aro, Abeokuta. Mgonjwa anakuja na ndugu yake, mchana anatibiwa, jioni anarudi kula na watu. Sisi tulikuwa na Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili kule Dodoma, tangu miaka ya 1920. Kutoka kisiwani ni kivuko, kisha safari ndefu ya nchi kavu. Jina lenyewe tukaligeuza tusi, na wengi tuliowapeleka hatukwenda kuwaona.

Baba mdogo alipona vya kutosha kuvua tena. Kilichomsaidia ni sindano ya kila mwezi, na shangazi aliyepanda naye kivuko kila mwezi, hata siku walipofika zahanati wakaambiwa dawa imekwisha, warudi wiki ijayo. Wakarudi. Nauli ya safari hiyo ya pili ilitoka kwenye dagaa za shangazi, na hakuna aliyemwandika kwenye faili.

Kitambaa cha bibi nimekuja nacho, kipo mezani hapa. Anayetaka kukishika asogee, na mwenye mtu wake nyumbani tukae naye pembeni tuzungumze.