Chembe ya Kweli Ndani ya Uzushi: Mhadhara Kuhusu Uhakiki wa Habari za Afya ya Mama na Mtoto

Mheshimiwa mwenyekiti, wauguzi na wakunga, waandishi wa habari, na ninyi wazazi mliofika:

Nimeombwa kuzungumzia uhakiki wa habari za mtandaoni zinazohusu mimba, watoto wachanga na chanjo. Baadhi yenu mmekwisha kunisikia nikilisema hili, na nitalirudia kwa kuwa bado sijaliona likitendwa. Kuchukua picha ya ujumbe wa uzushi, kuugonga muhuri mwekundu wenye neno "uongo" na kuurudisha mtandaoni hakujahakiki chochote. Mama mwenye mimba ya miezi saba aliyetumiwa ujumbe ule usiku hakuwa na haja ya kujua ujumbe uwekwe kwenye kundi gani. Alitaka kujua kama mtoto wake atakuwa salama, na muhuri wetu haukumwambia lolote juu ya hilo. Uzushi unaoishi miaka thelathini hauishi kwa sababu watu ni wajinga, na ninachoshwa sana na wataalamu wanaodhani hivyo. Unaishi kwa sababu ndani yake mna chembe ya kweli. Mhakiki ambaye hajaitafuta chembe hiyo, akaitoa nje na kuionyesha mbele ya watu, huyo hajaianza kazi yake.

Nitachukua mfano mmoja na nitakaa nao muda mrefu, nao ni chanjo ya pepopunda kwa wanawake.

Sina haja ya kuwaeleza wakunga pepopunda ya mtoto mchanga ni nini; kwa wengine, ni ugonjwa unaoingia kupitia kidonda, hasa cha kitovu, na kukakamaza misuli. Nitakumbusha tu kwamba Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 1988 ugonjwa huo uliua watoto wachanga wapatao 787,000, na kwamba kufikia mwaka 2018 makadirio yalikuwa yameshuka hadi karibu 25,000. Mambo mawili ndiyo yaliyoleta badiliko hilo: usafi wakati wa kujifungua, hasa katika kukata na kutunza kitovu, na kuwachanja akina mama, kwa kuwa kingamwili za mama, yaani protini za mwili zinazopambana na maradhi, hupita kwenye kondo la nyuma na kumlinda mtoto katika majuma yake ya mwanzo, kabla hajafikia umri wa kuchanjwa yeye mwenyewe.

Sasa uzushi. Katikati ya miaka ya 1990 zilienea habari nchini Mexico na Ufilipino kwamba chanjo hii imetiwa homoni ya mimba, ile inayoitwa hCG, ili kuwafanya wanawake tasa kwa siri. Mwaka 2014, wakati wa kampeni ya kuwachanja wanawake, habari hizo zilizuka Kenya, na safari hii zilitoka kwa maaskofu wa Kanisa Katoliki, ambao walisema kwamba sampuli zilizopelekwa maabara zilionyesha homoni hiyo. Serikali ilikanusha, Shirika la Afya Duniani na UNICEF wakakanusha. Leo hii habari ile ile bado inazunguka kwenye simu, safari nyingine bila tarehe wala jina la nchi, kana kwamba imetokea juzi.

Chembe ya kweli iko wapi? Iko India. Profesa G. P. Talwar na wenzake walifanya kwa miaka mingi, tena hadharani, utafiti wa chanjo ya kuzuia mimba. Homoni ya hCG ni mali ya mwili wenyewe, na kinga ya mwili haiishambulii. Kwa hiyo watafiti waliiunganisha na sumu ya pepopunda iliyokwisha kuondolewa ukali, yaani toksoidi, ambayo kinga huitambua mara moja kuwa ngeni, ili mwili ukiishambulia toksoidi uishambulie na homoni iliyofungwa nayo. Matokeo ya majaribio kwa wanawake 148 waliojitolea yalichapishwa mwaka 1994, na yalionyesha pia kwamba kingamwili zikipungua, uwezo wa kushika mimba hurudi. Shirika la Afya Duniani nalo lilikuwa na utafiti wake wa aina hiyo, ila lenyewe lilitumia toksoidi ya dondakoo. Haya yote yalitokea. Yamo katika majarida ya kisayansi, na mtu yeyote mwenye simu anaweza kuyasoma.

Hapo ndipo wenzangu wengi wanaponiambia nikae kimya. Wanasema kuyakiri haya ni kuwapa wazushi silaha. Nimelisikia pingamizi hilo katika kila ukumbi, na jibu langu halijabadilika: silaha hiyo wanayo tayari. Mama aliyeambiwa na kituo cha afya kwamba "hakujawahi kuwa na utafiti wa namna hiyo" ataukuta utafiti wenyewe mtandaoni kabla hajalala, na kuanzia hapo hatatuamini tena, si katika pepopunda tu, bali katika surua, katika polio, na katika kila tutakalomwambia. Kukanusha jambo la kweli kwa nia njema ni kupotosha, na anayefanya hivyo huku akijiita mhakiki anaharibu kazi ya wenzake wote.

Tukishaikiri chembe hiyo, tunaweza sasa kuonyesha mahali ambapo uzushi umevuka mpaka. Bidhaa ya utafiti wa India na chanjo ya kawaida ya pepopunda ni vitu viwili tofauti. Toksoidi ya pepopunda hutumika kubeba vitu vingi. Chanjo ya homa ya uti wa mgongo ya kundi A, MenAfriVac, ambayo Burkina Faso iliianzisha mwaka 2010, hubebwa na toksoidi hiyo hiyo, na imetolewa kwa mamia ya mamilioni ya watu, wanaume kwa wanawake. Toksoidi kutumika kubeba homoni katika jaribio moja hakuthibitishi kwamba homoni imo katika kila chupa yenye toksoidi.

Kisha tuje kwenye kipimo. Vipimo vya hCG vinavyotumika katika maabara za hospitali vimetengenezwa kwa ajili ya damu na mkojo wa binadamu. Chanjo si damu wala mkojo. Ina chumvi za alumini na vihifadhi vinavyoweza kuvuruga kipimo na kutoa namba isiyo na maana yoyote. Mtu akikuonyesha karatasi ya maabara, mwombe akwambie kwanza kilipimwa kitu gani na kwa kipimo kilichothibitishwa kwa kitu gani. Swali hilo moja lingeokoa muda mwingi sana.

Na tuseme, kwa ajili ya hoja tu, kwamba homoni ingekuwamo kweli. Homoni ya hCG ikiwa peke yake, bila kuunganishwa na toksoidi, haimfanyi mtu kuwa tasa. Mwili wa mjamzito umejaa homoni hiyo, na kila mama aliyejifungua hapa aliibeba kwa wingi katika miezi ya mwanzo ya mimba. Tena madaktari huidunga sindano ya hCG kwa wanawake wanaotibiwa ugumba, ili kulichochea yai litoke. Kwa nini maelezo haya, ambayo mkunga anaweza kuyatoa kwa dakika mbili, hayakuwa ya kwanza kutolewa? Ninaliuliza kwa uchungu, kwa sababu wanawake walisubiri maelezo wakapewa matamko.

Yapo pia maswali mawili kuhusu kampeni ile ya Kenya ambayo wananchi waliuliza na wakajibiwa kwa ukali, ilhali yalikuwa maswali halali kabisa. La kwanza: kwa nini wanawake wa umri wa kuzaa tu? Kwa sababu lengo la kampeni lilikuwa kumlinda mtoto anayezaliwa, na kinga hiyo haiwezi kumfikia kupitia kwa baba. La pili: kwa nini dozi nyingi, tena kwa kupishanisha miezi? Kwa sababu mwanamke ambaye hakuchanjwa utotoni huhitaji dozi tano ili apate kinga itakayodumu katika miaka yake yote ya kuzaa. Ya pili hutolewa angalau majuma manne baada ya ya kwanza, ya tatu angalau miezi sita baadaye, na mbili za mwisho kila moja baada ya angalau mwaka mmoja. Ratiba hiyo ilikuwa imechapishwa na inatumika nchi nyingi. Anayeuliza si adui. Mhudumu anayemgombeza mama kwa kuuliza anamsukuma kwa mikono yake mwenyewe kwa mtu atakayemsikiliza, na mtu huyo mara nyingi ndiye mzushi.

Nimekaa sana kwenye pepopunda, najua, na mwenyekiti ananitazama. Nitapita haraka katika yaliyobaki.

Nani ahakiki? Mwaka 2003 jimbo la Kano, kaskazini mwa Nigeria, lenye Waislamu wengi, lilisimamisha chanjo ya polio kwa madai yanayofanana na haya, kwamba inaleta utasa. Mgomo ulikwisha mwaka 2004, baada ya viongozi wa huko kushirikishwa katika upimaji wenyewe na chanjo kununuliwa Indonesia, nchi ya Waislamu wengi ambayo waliiamini. Kabla ya hapo virusi vilikwisha kutoka Nigeria na kurudi katika nchi zilizokuwa zimeiondoa polio, na mwaka 2005 vikaifikia Indonesia yenyewe, vikapooza mamia ya watoto. Kukanusha kwa wataalamu wa mbali hakukutosha. Mhakiki anayeaminiwa na wenye mashaka lazima awemo katika kazi tangu mwanzo, na wakunga ndio wanaoaminiwa kuliko mtu mwingine yeyote hapa.

Jambo jingine ni tofauti kati ya jambo kutukia baada ya chanjo na kutukia kwa sababu ya chanjo. Katika kila mimba 100 zilizokwisha kutambuliwa, 10 hadi 15 huharibika, wawe akina mama wamechanjwa au hawakuchanjwa. Ukiwachanja wajawazito elfu moja, kwa hakika wapo watakaopoteza mimba katika majuma yatakayofuata, na ushuhuda wao utakuwa wa kweli kwa kila neno. Msimwite mama huyo mwongo. Mwonyesheni kwamba wanawake ambao hawakuchanjwa wanapoteza mimba kwa kiwango hicho hicho, kisha mpeni pole, maana amefiwa.

Usonji, hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri mawasiliano na mahusiano ya mtoto, ni hivyo hivyo. Makala ya daktari Mwingereza Andrew Wakefield ya mwaka 1998, iliyotokana na watoto 12 na kuihusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji, ilifutwa na jarida lililoichapisha mwaka 2010, na yeye akaondolewa katika rejesta ya madaktari wa Uingereza mwaka huo huo. Utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 2019 uliwafuatilia watoto 657,461 na haukuona ongezeko lolote la usonji kwa waliopata chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela. Hayo mnayajua. Ambalo hatumwambii mzazi ni kwamba dalili za usonji huanza kuonekana karibu na umri ule ule wa chanjo hiyo, na kwa hiyo macho yake hayakumdanganya. Alichokiona kilitokea kweli, ila chanjo haikukileta.

Kuhusu parasetamoli kwa wajawazito, jambo lililozua hofu kubwa tangu Septemba 2025 baada ya Rais Donald Trump wa Marekani kuihusisha na usonji, semeni ukweli wote. Zipo tafiti zilizoonyesha uhusiano na usonji. Kisha, mwaka 2024, utafiti wa Sweden uliohusu watoto karibu milioni 2.5 ukawalinganisha ndugu wa tumbo moja, na uhusiano huo ukatoweka, jambo linaloashiria kwamba chanzo kilikuwa katika familia na si katika dawa. Mwambieni mama pia kile ambacho ujumbe wa kutisha haumwambii: homa kali isiyotibiwa ina hatari zake kwa mimba, na akiiogopa parasetamoli akakimbilia ibuprofeni baada ya juma la 20, amechukua dawa ambayo kwa kweli wajawazito huonywa wasiitumie, kwa sababu inaweza kudhuru figo za mtoto aliye tumboni.

Halafu kuna ujumbe ulio sahihi, ambao wahakiki wanausahau kabisa. Ujumbe unaosema asali asipewe mtoto wa chini ya mwaka mmoja ni wa kweli, kwa kuwa inaweza kuwa na mbegu za bakteria wa botulizimu, ugonjwa wa sumu unaolegeza misuli, mbegu ambazo utumbo wa mtoto mchanga hauna uwezo wa kuzizuia. Ujumbe unaosema mtoto wa chini ya miezi sita anayenyonya asipewe maji ni wa kweli pia. Chapisheni na haya, kwa sauti ile ile na kwa ukubwa ule ule. Mhakiki ambaye kazi yake yote ni kukanusha anamfundisha mama kushuku kila kitu, pamoja na ushauri unaomlinda mtoto wake.

Kuhusu namna ya kuandika, nitasema sentensi chache tu. Anzeni na jambo la kweli, utajeni uzushi mara moja, elezeni ulipokosea, kisha rudini kwenye la kweli. Msirudie picha ya kutisha. Na kama uzushi ulifika kwa ujumbe wa sauti ndani ya kundi la akina mama, jibu nalo lifike kwa sauti, ndani ya kundi lile, kutoka kwa mtu wanayemjua, kwa kuwa taarifa ya kurasa nne kwenye tovuti ya wizara haitafunguliwa na hata mmoja wao.

Nilikuwa na sehemu ya dawa za meno ya watoto na nyingine ya mitishamba wakati wa mimba, lakini muda umekwisha. Mwenyekiti, naomba tupokee maswali, tuanze na wakunga, na wasiulize ya kwao tu. Watuletee maswali ambayo akina mama waliwauliza wiki hii na hawakuwa na jibu.