Usimwambie Mgonjwa "Huna Kitu"

Ndugu Mwenyekiti, walimu wetu, na ninyi nyote mlioacha shughuli za Jumamosi mkaja kunisikiliza, asanteni.

Waliowahi kunisikia wanajua ninakoelekea, kwenye wasiwasi na namna unavyoutikisa mwili, na naona wawili pale mbele wameshaanza kutabasamu. Nitalisema tena kwa sababu bado linatendeka. Mgonjwa anafika zahanati moyo ukimwenda mbio, anapimwa presha, anapimwa malaria, anapimwa wingi wa damu, pengine anapelekwa hata kwenye kipimo cha umeme wa moyo, majibu yanatoka safi, na mhudumu anamwambia, "Huna kitu." Anaondoka na moyo ule ule ukidunda vile vile, ila sasa ameongezewa mzigo wa pili, nao ni aibu.

Maneno hayo nimeyasema mimi mwenyewe. Nilikuwa afisa tabibu kijana, na mama mmoja aliyekuwa akiuza samaki wa kukaanga alifika kwangu kwa mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja. Nikamwambia, "Mama, vipimo vyako vyote ni safi, huna kitu." Alizikunja karatasi za majibu mara nne, akazifunga kwenye pindo la kanga pamoja na nauli yake, kisha akaniuliza bila ukali wowote, "Kama sina kitu, mwanangu, hiki kinachonigonga hapa ni nini?" Mimi nilicheka. Nikamwandikia vidonge vya vitamini. Hakurudi tena kwangu, na simlaumu.

Jibu la swali lake nililipata miaka kadhaa baadaye, nikiwa ndani ya pantoni jijini Dar es Salaam, natoka Kigamboni kwenda Magogoni asubuhi ya siku ya kazi. Wanaovuka pale wanaijua hali yenyewe: nilibanwa kati ya bajaji na kijana aliyekuwa na tenga la nyanya, huwezi kwenda mbele wala kurudi nyuma. Ghafla moyo ulishtuka, ukaanza kudunda hata nikahisi shati linatikisika. Kijasho chembamba kikanitoka mgongoni. Midomo ikafa ganzi, vidole vikaanza kuchomachoma, na hewa ikawa haitoshi. Kadiri nilivyoivuta kwa nguvu ndivyo nilivyozidi kuikosa. Nilikuwa na hakika, tena hakika ya kitaalamu, kwamba ninakufa kwa ugonjwa wa moyo katikati ya maji, nikiegemea tenga la nyanya. Pantoni ilipogusa ng'ambo nilikimbilia hospitali. Walinibana kidole kwenye kile kipimo kidogo cha oksijeni, kikaonyesha asilimia 99. Umeme wa moyo ulikuwa mzuri. Bila shaka mnakisia nilichoambiwa na kijana aliyenihudumia, kijana aliyefanana sana na mimi wa zamani.

Hebu tuitazame hiyo asilimia 99, kwa sababu ndani yake mna elimu nzima. Mtu anahisi anakosa hewa ilhali damu yake imejaa oksijeni. Inawezekanaje? Hofu inapowaka, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, moyo huongeza mwendo, na pumzi huwa za haraka kuliko mahitaji ya mwili. Kama mtu angekuwa anakimbia kweli, pumzi hizo zingetumika. Lakini amesimama tu, kwa hiyo anachofanya ni kuitoa hewa ukaa kupita kiasi. Hewa ukaa ikipungua, mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo hujibana, ndipo kizunguzungu kinakuja. Tindikali ya damu hupungua kidogo, kalsiamu iliyo huru ndani ya damu nayo hupungua, ndipo midomo na vidole vinapokufa ganzi. Hali ikizidi, vidole hukakamaa na kukutana ncha, kama vya mtu anayechota chumvi. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho mgonjwa amekibuni. Kila dalili ina njia yake mwilini, na njia hizo zinajulikana na kuelezeka. Ndiyo maana nasema "vipimo ni safi" na "huna kitu" ni kauli mbili tofauti kabisa.

Ndiyo maana pia nagombana na watu wema wanaomwambia mtu aliyeshikwa na hali hii, "Vuta pumzi ndefu, vuta tena, vuta zaidi!" Mnamwongezea tatizo lenyewe. Mwambieni apumue kidogo na polepole kupitia puani, na atoe pumzi kwa muda mrefu kuliko aliotumia kuivuta: avute kwa hesabu ya nne, aitoe kwa hesabu ya sita. Mkae naye tu, msimzunguke kumi mkimpepea kwa madaftari.

Nasikia mtu akisema moyoni kwamba haya ni magonjwa ya Wazungu na ya watu wenye nafasi. Ndugu yangu, lugha unayoizungumza inakukana. Nani alitufundisha kusema "tumbo joto", "roho juu", "miguu imeisha nguvu"? Wahenga waliosema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka walikuwa wanaeleza mwili uliojifunza hofu, na hawakusema kwamba ung'ongo unauma wala kwamba huyo aliyeshtuka anaigiza. Kuhusu tumbo, Mmarekani Walter Cannon, mwishoni mwa karne ya 19, alimtazama paka kwa mashine ya eksirei wakati anasaga chakula; paka alipoingiwa na hofu au hasira, mikunjo ya tumbo lake ilisimama. Paka yule hakuwa na nafasi wala fedha. Na anayedhani ni uoga, akumbuke kwamba daktari wa Philadelphia, Jacob Mendes Da Costa, alichapisha mwaka 1871 maelezo ya askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani waliolalamikia mapigo ya moyo, maumivu ya kifua na kukosa pumzi, ilhali wengi wao hawakuonekana kuwa na ubovu wa moyo wenyewe.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nami naliheshimu: je, sitamuua mtu kwa kumwambia kifua kinachobana ni wasiwasi tu? Kwanza, hilo neno "tu" mimi silitumii. Pili, sijasema watu wasipimwe. Anayepata hali hii kwa mara ya kwanza apimwe, na aangaliwe pia tezi ya shingoni, upungufu wa damu na sukari, maana vyote hivyo huweza kuukimbiza moyo. Maumivu ya kifua yanayokuja ukipanda kilima na kutulia ukipumzika, yanayosambaa mkononi au tayani, au yanayoambatana na kuzirai, hayo hayasubiri mhadhara wangu. Nenda hospitali leo. Ninachokipinga ni kupimwa malaria mara ya sita na taifodi mara ya nne kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwuliza mtu anaishije, analalaje na anaogopa nini. Mwili wenye wasiwasi huchoka, huuma kichwa na kukosa hamu ya kula, na kwetu sisi dalili hizo hupewa jina la taifodi kabla mgonjwa hajakaa kwenye benchi.

Nirudi kwenye pantoni, kwa sababu sehemu mbaya zaidi ilianza siku iliyofuata. Nilianza kuzunguka kwa Daraja la Nyerere. Niliwaambia watu kwamba njia ile ni ya haraka, na kwa kuwa nilikuwa na heshima yangu waliniamini. Nililipa nauli zaidi, nikachelewa kazini, na moyo ulitulia, hapo ndipo penye mtego. Kila nilipolikwepa lile pantoni, mwili wangu uliandika kwenye daftari lake kwamba nimesalimika kwa sababu nimekwepa. Baada ya miezi michache sikuweza kukaa katikati ya safu msikitini, na kwenye daladala nilikaa mlangoni tu. Hakuna aliyenifungia, nilijifungia mwenyewe, mlango mmoja mmoja.

Kilichonitoa kilikuwa kurudi. Muuguzi mmoja mwenye busara aliyesomea afya ya akili alinipa kazi ya kuvuka kila Jumatano, kwanza nikiwa na ndugu, halafu peke yangu, na alinikataza nisipambane na moyo. Nikauliza, nisipopambana nifanye nini? Akasema niuangalie unavyopanda, niangalie saa, nisubiri ushuke. Nikapinga kwamba hautashuka. Akanijibu kwamba mimi ni tabibu, nimtajie basi mgonjwa mmoja ambaye hofu yake ilipanda bila kushuka. Sikuwa naye. Kwa kawaida kilele hufikiwa ndani ya dakika chache, kisha mwili huanza kujirudisha wenyewe. Jumatano ya kwanza nilishika chuma cha pembeni hata kiganja kikabaki na alama ya kutu. Jumatano ya tano moyo ulidunda nikiwa nabishana bei ya karanga. Bado hunidunda mpaka leo, baadhi ya siku, na msinielewe kwamba nimepona nikawa jiwe. Ninavuka nao ukidunda.

Mwenyekiti ananionyesha saa, nami nilikuwa na mambo manne bado. Kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu, pamoja na miraa kwa ndugu zetu wanaotafuna, huukimbiza moyo, kisha mtu anajiuliza kwa nini moyo unakimbia, punguzeni muone. Usingizi niliuandikia kurasa mbili, nauruka. Dawa zipo, na kuzitumia si udhaifu. Zile za kutumia kila siku huchukua wiki kadhaa kabla hazijafanya kazi, kwa hiyo usiache siku ya nne ukisema hazifai. Diazepamu, ile dawa ya kutuliza wasiwasi, msinunue dukani kwa kuambiwa na jirani, kwa maana mwili huizoea na kuitegemea. Na propranololi, ambayo hutuliza mapigo, ni hatari kwa mwenye pumu. Kuhusu maombi sina ugomvi na sheikh wala mchungaji, na wapo wanaonirudishia wagonjwa wakiwa wametulia; naomba tu wasimwambie mtu aache dawa.

Kuhusu watoto wa shule wanaoumwa tumbo kila asubuhi ya mtihani, ambao ndio sababu mliniita, naona nimewadhulumu muda wao. Mwalimu wa safu ya nyuma amenyoosha mkono tangu nilipotaja daraja. Mwenyekiti, naomba aanze yeye.