Mfuate Nyuki Mpaka Anapolala

Mhadhara kuhusu kupungua kwa wadudu wachavushaji katika bustani za nyumbani

Mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kuja. Nitaanza na ua la boga, maana ndilo lililonifundisha haya nitakayoyasema, na lilinifundisha kwa hasara.

Mboga wenyewe, ule mmea unaotambaa, hutoa maua ya aina mbili. La kiume husimama juu ya kikonyo kirefu chembamba. La kike hukaa juu ya kijiboga kidogo kama gololi. Yote mawili hufunguka alfajiri, na kufikia adhuhuri yameshasinyaa. La kike lililofunguka leo halifunguki tena kesho. Chavua ya mmea huu ni nzito na inanata, upepo hauiwezi. Lazima aje mdudu, azame ndani ya la kiume, atoke amejaa unga wa njano mwilini, kisha aingie la kike. Tena si mara moja, bali mara nyingi ndani ya saa hizo chache. Wasipokuja, kijiboga huanza kugeuka njano kwenye ncha, hulainika, huoza, huanguka. Wakija wachache, boga hukua limepinda, upande mmoja umejaa na mwingine umebonyea, kwa sababu mbegu za upande ule hazikutungwa.

Miaka kadhaa iliyopita vijiboga vyangu vilianza kuanguka hivyo. Nikaamini ni ugonjwa. Nikachukua bomba la dawa, nikanyunyiza asubuhi na mapema, maua yakiwa wazi. Wiki iliyofuata vikaanguka vingi zaidi, nami nikanyunyiza tena. Msimu mzima ulipita kabla sijang'amua kwamba vilikuwa vinakosa wageni, na kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikiwaua wageni hao mlangoni. Ukupigao ndio ukufunzao. Tangu msimu ule nahesabu wadudu.

Kwa nini kuhesabu? Kwa sababu macho yetu hayamwoni asiyekuwepo. Mwaka 1995 Daniel Pauly, mtaalamu wa sayansi ya uvuvi, aliandika kwamba kila kizazi cha watafiti huchukua wingi wa samaki kiliowakuta kuwa ndio kawaida, na hupima upungufu kuanzia hapo. Kilichopotea kabla yao hakimo hata kwenye hesabu. Bustanini ni vilevile. Mtoto aliyezoea kuona vipepeo watatu kwa siku akimwona wa nne atashangilia, na ana haki. Lakini bibi yake anayesema "zamani walikuwa wengi" hana namba ya kumwonyesha, kwa hiyo maneno yake yanachukuliwa kuwa ni mazoea ya wazee kusifia ya kale.

Kuna mahali namba zipo. Huko Krefeld, Ujerumani, chama cha wapenda wadudu kilitega mitego ya hema katika maeneo 63 yaliyohifadhiwa, kati ya mwaka 1989 na 2016. Hawakuishia kuwatambua wadudu wachache wa kupendeza. Walipima uzito wa kila kilichonaswa. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2017, uzito wa wadudu warukao ulikuwa umeshuka kwa zaidi ya asilimia 75 katika miaka 27. Na hayo yalikuwa maeneo ya hifadhi! Mimi nilipoisoma namba ile niliweka karatasi chini nikatoka nje nikaenda kusimama bustanini, sikujua la kufanya zaidi ya hilo.

Hata hivyo tusiikuze habari kuliko ilivyo. Mwaka 2020 ulitoka uchambuzi uliokusanya hesabu za muda mrefu kutoka maeneo zaidi ya 1,600 duniani. Wadudu wa nchi kavu walionekana kupungua kwa kiasi cha asilimia 9 kila miaka 10, lakini wale wa maji baridi waliongezeka kwa takriban asilimia 11, na mabadiliko yalitofautiana sana kati ya mahali na mahali. Kuongezeka kule kwa wadudu wa majini kunanipa moyo, maana watafiti walikuhusisha na juhudi za kusafisha mito na maziwa. Yaani mdudu akirudishiwa makazi yake, anarudi. Nawaomba pia mkumbuke kwamba sehemu kubwa ya hesabu hizi imetoka Ulaya na Amerika Kaskazini, kwa sababu huko ndiko watu walikohesabu kwa miaka mingi.

Sasa bustani ya nyumbani ina nafasi gani katika jambo kubwa hivi? Kubwa kuliko tunavyodhani. Jennifer Owen, mwanazoolojia wa Uingereza, aliichunguza bustani ya nyumba yake katika mji wa Leicester kwa miaka 30, kuanzia 1972. Ilikuwa bustani ya kawaida yenye nyasi, maua na mboga, haifiki robo ya eka. Humo aliorodhesha spishi 2,673 za mimea na wanyama, na karibu 2,000 kati yao walikuwa wadudu. Nyigu wembamba wanaotaga mayai ndani ya viwavi peke yao walizidi spishi 500, na baadhi yao hawakuwa wamewahi kutambuliwa na sayansi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol nao walipima mbochi, yaani maji matamu ya maua, katika miji minne ya Uingereza, wakakuta kwamba takriban asilimia 85 ya mbochi yote ya mjini inatoka kwenye bustani za nyumbani. Si kwenye mbuga za kupumzikia wala kando ya barabara. Ni huko nyuma ya nyumba za watu.

Watu wengi wakisikia haya wanakimbilia kununua mzinga. Nia yao naiheshimu, lakini nyuki wa asali siye aliye hatarini zaidi. Takwimu za FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, zinaonyesha kuwa mizinga ya kufugwa duniani imeongezeka tangu mwaka 1961. Kuna spishi zaidi ya 20,000 za nyuki, na walio wengi hawaishi katika makundi, hawatengenezi asali ya kuvunwa, wala hawana mtu wa kuwajengea mzinga. Jike mmoja hujichimbia shimo, huweka chakula, hutaga, hufunga mlango, hufa. Hawa ndio nyuki wapweke. Ukijaza mizinga mahali penye maua machache, unawaongezea hao wapweke washindani mezani.

Na wale wasionunua mzinga hununua maua. Hapa ndipo nilipotaka tufike. Tumeaminishwa kwamba mchavushaji anahitaji maua, basi tumepanda maua, mara nyingi yale yaliyozalishwa yawe na petali tele hata stameni zake, zile zinazotoa chavua, zimegeuka petali, mbochi hakuna, chavua hakuna. Lakini hata ukichagua maua mazuri yenye chavua, ua ni hoteli tu. Mdudu anapitia hapo kula. Methali inasema fuata nyuki ule asali. Mimi nawaomba tumfuate nyuki tupitilize asali, tumfuate mpaka anapolala na anapolelea wanawe. Huko ndiko bustani zetu zinakowaangusha.

Kiasi cha asilimia 70 ya spishi za nyuki hutaga ardhini. Wanataka udongo ulio wazi, uliotulia, unaopata jua. Angalieni bustani zetu: palipokuwa na udongo tumemwaga zege, au tumetandaza matofali, au tumeweka karatasi ya plastiki na kokoto juu yake ili magugu yasiote. Pale palipobaki tunapalilia kila wiki. Mlango wa nyuki wa ardhini ni kitundu cha upana wa penseli, chenye kichuguu kidogo cha udongo laini pembeni. Watu wakiuona wanasema ni mchwa, wanamwaga maji ya moto. Mimi nimewahi kukaa mbele ya kitundu kimoja tangu saa tatu asubuhi mpaka saa sita. Alitoka na kurudi mara kumi na moja, na kila aliporudi miguu yake ya nyuma ilikuwa imevimba kwa chavua, hadi alilazimika kujisukuma kuingia.

Mwingine ni nyuki anayekata majani. Kama umewahi kukuta majani ya waridi yamekatwa kwenye ukingo, mikato ya duara safi kabisa kama iliyofanywa kwa mkasi, huyo ndiye. Hali jani lile. Hulikumbatia kwa miguu, hulizunguka akikata, na sekunde chache baadaye ameruka nalo. Hulisokota ndani ya bua lenye tundu au ufa wa mbao, akatengeneza kikombe, akaweka donge la chavua iliyochanganywa na mbochi, akataga yai moja juu yake, akafunika kwa kipande cha mviringo kinachoenea sawasawa. Kisha anaanza kikombe kingine mbele ya kile. Sisi tunaona majani yenye matundu, tunatafuta dawa. Na mabua makavu tunayakata na kuyachoma moto kwa sababu yanaonekana uchafu, kumbe ndani yake kuna watoto sita au saba waliolala wakingoja msimu.

Kipepeo naye mnamjua. Tunampiga picha, tunamwita mrembo. Mwanawe ni kiwavi, na kiwavi hana budi kula majani. Spishi nyingi hula mmea mmoja au michache tu, na mara nyingi mmea huo ni ule tunaouita gugu. Kipepeo tunampenda, mwanawe tunamponda kwa kiatu. Halafu mwaka unaofuata tunauliza vipepeo wameenda wapi.

Wapo nzi ambao watu huwachanganya na nyigu, wenye mistari ya njano na nyeusi, wanaosimama hewani bila kusogea kama waliotundikwa kwa uzi. Hawaumi hata kidogo. Ni wachavushaji hodari sana. Mabuu wa spishi nyingi za nzi hawa hula vidukari, vile vidudu vidogo vinavyofyonza utomvu wa mimea, buu mmoja akala mamia kabla hajakomaa. Jike huweka mayai yake palepale penye vidukari. Ukinyunyizia shina lile dawa siku ya kwanza unapoona vidukari, umeua vidukari, na umeua kizazi cha kesho cha wachavushaji kilichokuja kukufanyia kazi hiyohiyo bila malipo. Ngoja siku kumi. Chunguza chini ya majani. Nasema haya nikijua kungoja kunavyouma wakati mche unajikunja mbele ya macho yako.

Kuhusu sumu nitasema jambo moja zaidi. Zipo dawa za kuua wadudu ziitwazo neonikotinoidi, nazo hazikai juu ya jani. Mmea huzinyonya zikaenea mwili mzima, mpaka kwenye chavua na mbochi. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku matumizi ya tatu kati yake nje ya vitalu vya kufunikwa mwaka 2018. Na kwa kuwa sumu hiyo imo mwilini mwa mmea, mche ulionunuliwa ukiwa umetibiwa unaweza kuwa unamlisha nyuki sumu hata kama wewe mwenyewe hujawahi kushika bomba. Muulize anayekuuzia. Akikosa jibu, panda mbegu yako.

Na taa. Kazi ya uchavushaji haiishi jua likizama, nondo huichukua usiku. Utafiti wa Uswisi uliochapishwa mwaka 2017 uliweka taa kwenye malisho yaliyozoea giza, na ziara za wachavushaji wa usiku kwenye maua zikapungua kwa asilimia 62. Taa ya bustani inayowaka usiku kucha bila mtu chini yake, zimeni.

Sasa tuje kwenye kuhesabu. Njia ninayoitumia nimeiazima kwa Waingereza, nao huitumia katika mpango wao wa taifa wa kufuatilia wachavushaji. Chagueni kipande cha maua cha sentimita 50 kwa sentimita 50. Kaeni mbele yake dakika 10, siku isiyo na mvua wala upepo mkali. Andikeni kila mdudu anayegusa ua. Huhitaji jina la kisayansi. Nyuki wa asali, nyuki mwingine, nzi, nyigu, kipepeo, mbawakawa, chungu, hiyo inatosha. Andikeni tarehe, saa, aina ya ua, na idadi ya maua yaliyokuwa wazi. Mwaka mmoja hautawaambia kitu, kwa kuwa wadudu hupanda na kushuka sana kufuatana na mvua na joto. Miaka mitano itaanza kusema. Kwa hiyo msibadilishe kipande na msibadilishe saa.

Siku ambayo hakuja hata mmoja, andikeni sifuri. Wengi huiacha siku hiyo kwa kuona wamepoteza muda, na hapo ndipo daftari linapoanza kudanganya.

Katika daftari langu, ukurasa wa kwanza baada ya ule msimu wa mboga una sifuri nne mfululizo. Bomba la dawa nimeliacha, nimebomoa zege upande wa ukuta upatao jua, na mabua nimeyaacha yasimame. Msimu uliopita, asubuhi moja, ndani ya dakika 10, niliandika kumi na saba, na watano kati yao walikuwa nyuki wadogo weusi ambao siwajui mpaka leo.

Karatasi nilizopiga mistari ziko mezani hapo mlangoni. Chukueni mbili mbili, moja ya asubuhi na moja ya jioni. Haya, maswali.