Upendo wa Kale Haushiki Kutu: Methali ya Kilatvia Kinywani mwa Anayeanza

Mabibi na mabwana, wapenzi wa lugha,

Methali tutakayoisoma jioni hii ina maneno matatu tu: Veca mīlestība nerūsē. Maana yake ni kwamba upendo wa kale haushiki kutu. Nimeichagua makusudi iwe somo la kwanza, hata kabla ya salamu, kwa kuwa salamu mtu huikariri bila kuielewa, ilhali maneno haya matatu humlazimisha mwanafunzi kugusa sarufi ya Kilatvia tangu siku ya kwanza.

Kilatvia ni lugha ya Latvia, nchi iliyoko kwenye ufuko wa Bahari ya Baltiki, baina ya Estonia na Lithuania. Katika tawi zima la lugha za Kibaltiki, ni Kilatvia na Kilithuania pekee zilizobaki hai.

Tuanze na veca, yaani "ya kale". Herufi c hutamkwa "ts", na ile a ya mwisho imewekwa hapo kwa sababu neno linalofuata ni la jinsi ya kike. Lingekuwa la kiume, tungesema vecs. Anayesema "upendo wa kale" na "mapenzi ya kale" bila kujiuliza hana sababu ya kuogopa upatanisho wa namna hii. Mīlestība limetokana na mīlēt, kupenda. Kiishio -ība hufanya kazi inayofanywa na u- yetu: draugs ni rafiki, draudzība ni urafiki, brīvs ni huru, brīvība ni uhuru, na neno hilo la mwisho limechongwa kwenye Mnara wa Uhuru mjini Riga, uliozinduliwa mwaka 1935. Sisi huliumba neno kwa kichwa, wao kwa mkia. Neno la tatu, nerūsē, lina rūsa ndani yake, yaani kutu, na ne- ya mwanzo ni kikanushi, kama ha- katika "haushiki".

Ugumu wa kweli uko katika kile kistari kidogo juu ya irabu. Kistari hicho huiamuru sauti irefuke, na asiyekitii husema jambo jingine kabisa: kāzas ni harusi, kazas ni mbuzi. Sisi pia tunajua kwamba kufa si kufaa, lakini katika Kiswahili irabu iliyorudiwa huwa silabi mbili, na mkazo husogea pamoja nayo. Katika Kilatvia irabu ndefu hubaki silabi moja, na mkazo kwa kawaida hukaa kwenye silabi ya kwanza, haujali urefu uko wapi. Mīlestība ina ī mbili: ya kwanza ni ndefu na ina mkazo, ya pili ni ndefu na haina. Ulimi wetu, uliozoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, hukimbilia kuikaza ile ya pili. Mama mmoja wa Kilatvia aliyenifundisha alikuwa akigonga meza kwa kidole mwanzoni mwa kila neno, kisha akikiburuza kidole kila irabu ndefu ilipofika. Nilijifunza zaidi kwa kukitazama kidole kile kuliko kwa maelezo yoyote niliyowahi kusoma.

Sasa sikilizeni mkazo unapoangukia katika neno la mwisho: NE-rū-sē. Unaangukia kwenye kikanushi chenyewe. Sisi tukisema "haushiki", nguvu huenda kwenye "shi", na ule ukanushi hupita kimyakimya. Mlatvia hukanusha kwanza, kwa sauti nzito, kisha ndipo huitaja kutu. Kwangu mimi, huo ndio moyo wa methali hii, na tafsiri yetu, hata ikiwa sahihi, haiwezi kuubeba.

Kuhusu maana, wanafunzi wengi hudhani kwamba methali hii inasifu ndoa iliyodumu. Naomba tuwe waangalifu. Jembe linalolimiwa kila siku halishiki kutu. Linaloshika kutu ni lile lililoachwa pembeni. Methali inazungumzia upendo ulioachwa pembeni, kama wa watu wawili waliopendana ujanani, wakatengana, wakakutana tena baada ya miaka mingi na kukuta kwamba chuma bado kinang'aa. Wajerumani, ambao historia yao mjini Riga inarudi nyuma hadi mwaka 1201, wanayo methali ya maneno hayohayo, nami sioni kwamba jambo hilo linawapunguzia Walatvia chochote.

Ufupi wake nao una jamaa nyumbani kwao. Daina, wimbo wa jadi wa Walatvia, kwa kawaida ni wa mistari minne tu. Krišjānis Barons alizichapisha kwa maelfu kati ya 1894 na 1915, akizipanga kwenye vikaratasi ndani ya kabati la droo ambalo leo limehifadhiwa Riga, na mwaka 2001 UNESCO iliuingiza mkusanyo huo katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Atakayeimudu methali hii vyema anaweza kuendelea huko.

Lakini kwanza tuitamke. Wekeni kidole mezani. Gongeni mara moja mwanzoni mwa neno, msigonge tena, na irabu ndefu zikifika buruzeni. Tuanze na neno la mwisho, polepole, sote pamoja: ne-rū-sē.