Mhuishaji wa Nairobi na Mikataba Yake

Bwana Mwenyekiti, walimu, wasanii wenzangu, nanyi wanafunzi mliokosa viti mkasimama huko nyuma,

Nimeombwa nizungumzie safari ya kikazi ya msanii wa uhuishaji, yaani sanaa ya kuifanya michoro ionekane inatembea, na nadhani walionialika walitarajia nianze na kipaji. Sitaanza nacho, kwa sababu katika miaka niliyofanya kazi hii jijini sijawahi kuona uhaba wa vijana wanaojua kuchora. Nilichokiona ni wachoraji hodari wanaoiacha kazi wakiwa na miaka thelathini na kitu, wakaenda kuuza bima au ploti, kwa kuwa mradi ulipokwisha hawakubaki na akiba, wala haki juu ya walichokitengeneza, wala jina lao mahali popote. Ninachotaka kusema leo ni kwamba kwa mhuishaji wa Nairobi mkataba ni sehemu ya ufundi, sawa na uchoraji wenyewe, na unafaa kufundishwa darasani pamoja na uchoraji.

Tuitazame kwanza kazi yenyewe, maana asiyejua kitu kinavyotengenezwa hawezi kukipangia bei. Filamu hupitisha fremu, yaani picha moja moja, 24 kwa sekunde. Aghalabu anayechora kwa mkono hushikilia kila mchoro kwa fremu mbili, kwa hiyo sekunde moja humdai michoro 12. Chukueni mama anayetua ndoo ya maji kutoka kichwani. Mtazamaji ataona tendo la sekunde mbili, lakini mhuishaji lazima aamue shingo inakaza lini, goti linakunjika kabla ya mikono kushuka au baada yake, na maji yanachelewa kiasi gani kuifuata ndoo inapoinama. Uzito usipoonekana mgongoni mwa mama huyo, ndoo itaonekana tupu hata ukiipaka rangi ya maji hadi ukingoni. Hiyo ni michoro 24, na mingi kati yake itafutwa na kuchorwa upya. Kwa hesabu hiyo, kipindi cha dakika 11 chenye mhusika mmoja asiyetulia kinadai michoro 7,920. Ndiyo maana vipindi vingi vya televisheni hutumia wahusika wa viungo vilivyotenganishwa: mkono, kope na mdomo huchorwa mara moja kwenye kompyuta, vikaunganishwa kwa mifupa ya kidijitali ambayo sisi huiita rigi, kisha vikasogezwa.

Njia hiyo imeokoa bajeti, lakini imewafungia wanaoanza mlango mmoja muhimu. Hayao Miyazaki aliingia katika studio ya Toei, Japani, mwaka 1963, akiwa mchoraji wa picha za katikati, yaani zile zinazojaza nafasi baina ya michoro mikuu ya mhuishaji aliyebobea. Kazi hiyo ni ya kuchosha, na malipo yake katika nchi nyingi yamekuwa duni, lakini ilimkalisha kijana karibu na mkubwa aliyemsahihisha kila siku. Kwetu kijana huanzia kwenye tangazo la benki, au kwenye video ya shirika lisilo la kiserikali inayoeleza jinsi ya kunawa mikono. Sizidharau video za kunawa mikono. Nadhani zimelipa kodi za nyumba za wahuishaji wengi kuliko filamu zetu zote zikiwekwa pamoja. Kasoro yake ni kwamba kijana huifanya peke yake kuanzia hadithi hadi sauti, mteja akaridhika, na hakuna aliyemwambia kwamba goti lilikunjika vibaya.

Ilipotokea kazi ya kuwaweka watu pamoja, matokeo yalionekana. Tinga Tinga Tales, iliyoanza kuonyeshwa na BBC mwaka 2010, ilihuishwa hapa Nairobi, katika studio ya Homeboyz, kwa ushirikiano na kampuni ya Tiger Aspect ya Uingereza. Mtindo wake wa picha ulitokana na uchoraji ulioasisiwa Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga. Vilitengenezwa vipindi 52. Kwa muda huo wasanii wa hapa walikuwa na kile ambacho wenzao wa ng'ambo hukiona cha kawaida: idara, wakuu wa idara, ratiba, mshahara wa mwezi, na mtu wa kuuliza. Kisha mradi ukaisha, kama miradi yote inavyoisha, na timu ikatawanyika. Anayeingia katika fani hii akidhani atapanda cheo ndani ya nyumba moja hadi astaafu atavunjika moyo mapema. Hata Marekani, penye studio kubwa, wasanii wengi huajiriwa kwa mradi. Tofauti ni kwamba wao wana chama. Mwezi Mei 1941 wasanii wa Disney waligoma wakidai chama chao kitambuliwe na malipo yawe ya haki, na miongoni mwa manung'uniko yao lilikuwamo hili la majina yao kutotajwa kwenye filamu. Sisi hatuna chama cha nguvu hiyo, kwa hiyo kila mmoja wetu hujadiliana akiwa peke yake, karatasi moja kwa wakati.

Ipo njia nyingine, ya msanii kuwa mwandishi na mwelekezi wa kazi zake mwenyewe. Ng'endo Mukii alitengeneza filamu fupi Yellow Fever mwaka 2012 akiwa mwanafunzi wa Royal College of Art, London, na mwaka 2023 akawa mmoja wa waelekezi wa mkusanyiko wa filamu fupi kumi za Kiafrika, Kizazi Moto, uliotolewa na Disney+ chini ya usimamizi wa studio ya Triggerfish ya Cape Town. Tazameni miaka iliyopita baina ya kazi hizo mbili. Katika njia hii msanii hujengwa na filamu fupi, na filamu fupi kwa kawaida haimlipi aliyeitengeneza. Lazima kazi za wateja ziigharimie, nazo haziwezi ikiwa zimepangiwa bei kwa woga.

Sasa tuje kwenye sheria, na naomba mnivumilie. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 kinasema hakimiliki huanza na mtunzi. Lakini kazi ikiwa imeagizwa na mteja, au imefanywa katika ajira, huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza au kwa mwajiri, isipokuwa pande mbili zimekubaliana vinginevyo. Wasanii wengi niliozungumza nao huamini kinyume chake: kwamba bila mkataba mhusika waliyembuni ni wao. Kwa kazi ya kuagizwa, kukaa kimya kunamfaidi mteja. Ukitaka kubaki na mhusika, au kuruhusiwa tu kuionyesha kazi kwenye shorili yako, yaani video fupi ya sampuli za kazi zako, unapotafuta kazi nyingine, andika.

Andika pia idadi ya marekebisho. Wakala mmoja wa matangazo aliniagiza ng'ombe wa tangazo la maziwa. Storibodi, yaani michoro inayopanga hadithi tukio kwa tukio, ilikubaliwa, rigi ikakubaliwa, na uhuishaji ulipokamilika likaja ombi kwamba ng'ombe "achangamke zaidi". Akachangamka. Baadaye ikaonekana amezidi, na meneja mwingine, ambaye hakuwapo tangu mwanzo, akauliza kama angeweza kuwa mbuzi. Kubadilisha ng'ombe kuwa mbuzi ni kubuni mhusika mpya na kumuundia rigi mpya, lakini kwa aliyeandika ujumbe huo lilikuwa neno moja tu kwenye simu. Kinga yako ni sentensi fupi: marekebisho mawili katika kila hatua, na hatua ikishatiwa saini, kurudi nyuma kunalipiwa.

Kuhusu kodi nitasema kidogo. Mteja hukata asilimia 5 ya ada za kitaalamu zinapofika shilingi 24,000 kwa mwezi, na wasanii huichukulia pesa hiyo kama iliyopotea. Imelipwa kwa jina lako. Dai cheti chake, uihesabu unapowasilisha ritani kabla ya tarehe 30 Juni.

Hatimaye kuna faili za kazi. Mteja aliyelipia video ya sekunde 30 mara nyingi hudhani amelipia na rigi, ili mwakani amwite msanii wa bei nafuu amsogeze mhusika yuleyule. Rigi iwe na bei yake, katika mstari wake. Nimekuja na nakala za mkataba wa mfano, ziko mezani karibu na mlango. Tufungue ukurasa wa pili, penye malipo ya awali, na anayeona asilimia niliyoiandika haiwezekani katika soko letu na aanze yeye.