Lundo la Malimwengu

Habari za jioni. Neno malimwengu mnalijua: visa na fitina za walimwengu. Leo naliazima kwa maana nyingine, ulimwengu mmoja, na mwingine, na mwingine tena.

Msidhani wanafizikia walilifikia wazo hili kwa kupenda hadithi. Walisukumwa na namba. Anga tupu, pasipo nyota wala vumbi, haikosi nishati. Ikadirie kwa hesabu za kwanta, yaani fizikia ya vitu vidogo mno, jibu litazidi kinachopimwa kwa takriban mara 1 yenye sifuri 120 nyuma yake. Mwanafunzi akinikosea hivyo, namrudisha darasa la kwanza.

Mwaka 1987 mwanafizikia Mmarekani Steven Weinberg aliligeuza swali: nishati hiyo ingeweza kuwa kubwa kiasi gani, nasi bado tukawepo? Ikizidi, anga hutanuka upesi mno, gesi haiwahi kujikusanya, galaksi hazizaliwi, na wa kuuliza hayupo. Basi akatarajia kiasi kidogo, ila huenda kisiwe sifuri. Mwaka 1998 timu mbili zilizochunguza nyota zilizolipuka mbali sana ziliona kwamba mtanuko wa ulimwengu unazidi kasi. Kiasi cha nishati ya anga tupu kinachoweza kuusukuma hivyo kilikuwa ndani ya mipaka ya Weinberg.

Lakini hoja hiyo inahitaji lundo la malimwengu, kila mmoja na nishati yake. Kiatu cha mtumba kikikukaa barabara, hushangai kama ulichambua viatu elfu. Kingekuwa kimoja tu sokoni, ungeshangaa.

Lundo linatoka wapi? Mwanafizikia Alan Guth alipendekeza mwaka 1981 kwamba hapo mwanzo anga ilifumuka ghafla mno. Wenzake Vilenkin na Linde wakaonyesha kuwa mfumuko huo unaweza usikome kila mahali kwa pamoja: hapa unatulia, kule unaendelea, kama mapovu ya maji yanayochemka, na kila povu ni ulimwengu. Saizi za viatu huletwa na nadharia ya nyuzi, isemayo kwamba chembe zote ni nyuzi ndogo mno zinazotetema. Yenyewe hudai vipimo tisa vya nafasi (sisi tunaviona vitatu: urefu, upana na kimo), sita vikiwa vimekunjwa tusivione. Namna za kuvikunja, kwa kadirio linalotajwa sana, ni 1 yenye sifuri 500, na kila mkunjo una nishati yake.

Ushahidi? Mapovu mawili yakigongana, huenda yakaacha alama ya duara kwenye mnururisho wa kale unaojaza anga. Mwaka 2011 watafiti waliitafuta katika data za WMAP, setilaiti iliyoupima mnururisho huo. Hawakupata cha kuwaridhisha. Mimi mwenyewe hoja ya Weinberg hunikosesha usingizi, ila sijasadiki.

Mzee pale mbele ameinua mkono tangu nilipotaja mitumba. Karibu, mzee.