Kamera ndogo ya filamu kwa safari ndefu: Kampala hadi Kisoro

Karibuni, ndugu watazamaji. Hapa mezani nina kamera tatu ndogo: Olympus Trip 35, Olympus XA na Olympus mju II. Zote zinakula filamu ya milimita 35. Leo tunachagua moja ya kusafiri nayo kutoka Kampala hadi Fort Portal, tushuke Kasese, tuingie msitu wa Bwindi, tumalizie Kisoro. Hapo kuna basi, kuna bodaboda, kuna kutembea kwa miguu, na yote hayo kwa wiki kadhaa. Ukiwa na kamera ya kampuni nyingine, fuata hatua hizihizi.

Usianze na jina la kamera wala sifa za lenzi. Watu wanalipa pesa nyingi kwa Contax T2, na kweli ni kamera nzuri, lakini swali la safari ni lingine: mahali unapokwenda, itaendelea kupiga picha?

Kwa hiyo anza na umeme. Shika Trip 35. Hii ilitengenezwa tangu 1967 na haina betri kabisa. Ona hii pete yenye vitundu vitundu kuzunguka lenzi: ndiyo seli ya seleniamu, inayopata nguvu kutoka kwenye mwanga wenyewe. Ipime kabla ya kulipa. Weka pete ya lenzi kwenye A, yaani otomatiki, zungusha gurudumu la kusogeza filamu mpaka likwame, ziba mbele kwa kiganja, bonyeza. Umeona? Ndani ya kidirisha cha kuchungulia imepanda alama nyekundu na kamera imekataa. Sasa toka nje juani, bonyeza tena. Inatakiwa ifyatuke, uisikie. Ikikataa hata juani, seli imekufa, mrudishie mwenyewe.

XA, ya mwaka 1979, inataka betri mbili za kidonge, LR44. Bila hizo haipigi picha hata moja, ila ni betri ndogo unazoweza kubeba akiba kwenye mfuko wa shati. Vuta huu mkono mdogo ulio chini ya kamera mpaka alama ya kupima betri. Betri nzima utaisikia inalia. mju II inatumia betri ya CR123A. Nunua mbili ukiwa bado Kampala. Usitegemee kuikuta kwenye duka la senta ndogo njiani.

Sasa mwanga, na hapa ndipo nataka mtulie nami, maana ndipo kamera nyingi zinapoanguka. Saa sita mchana Kasese jua ni kali na kila kamera inapendeza. Lakini ndani ya Bwindi, chini ya miti mikubwa, au msitu wa Kibale kwa sokwe mtu, ni giza la kijani mchana kweupe. Trip 35 ina kasi mbili tu za kufyatua, 1/40 na 1/200 ya sekunde, na inakubali filamu mpaka ISO 400 (namba ya ISO ikipanda, filamu inahitaji mwanga mdogo zaidi). Msituni ile alama nyekundu itapanda mara kwa mara.

mju II ina lenzi ya f/2.8, yaani tundu pana linaloingiza mwanga mwingi, na inajilenga yenyewe, tena imezibwa vizuri isiingie matone ya mvua. Ila tazama hapa, nasogeza karibu. Nafungua kifuniko: flashi iko kwenye otomatiki. Nabonyeza kitufe cha flashi mpaka itokee alama ya flashi iliyokatwa. Vizuri. Nafunga, nafungua tena... imerudi kwenye otomatiki. Kila ukiifungua, ndivyo ilivyo. Mbele ya gorila flashi hairuhusiwi, na unapomwona mnyama mkubwa mita chache mbele yako, mikono ikitetemeka, ni rahisi mno kusahau. Kama huwezi kuahidi kwamba utabonyeza kila mara, ibaki nyumbani.

XA flashi yake ni kipande cha pembeni. Unakifungua na kukiacha hotelini. Lenzi yake ni f/2.8, filamu inakubali mpaka ISO 800, na wewe ndiye unayechagua tundu la lenzi. Kwa safari hii mimi nachukua XA. Kama unakwenda zaidi kupiga picha za ndugu na harusi kijijini, mju II itakufaa kuliko hii.

Umeshachagua, kagua mwili wake. Fungua mgongo, gusa sponji nyeusi kandokando. Ikinata kwenye kidole kama lami, imeoza. Mwanga utapenya na kuchoma filamu, lakini fundi anaweza kuibadilisha. Kwenye nyumba ya betri, ute mweupe au kijani ni dalili mbaya. Halafu lenzi, hapa kwenye XA: weka f/2.8, zungusha gurudumu la kusogeza filamu mpaka likwame, ziba kwa kidole jicho la kupimia mwanga pembeni ya lenzi, bonyeza. Inadhani ni usiku, hivyo inabaki wazi sekunde kadhaa. Mulika tochi ya simu kutoka nyuma, chungulia mbele. Vumbi kidogo si neno. Ukiona nyuzi nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu ya unyevunyevu. Usiinunue, hata akikushushia bei.

Filamu nachukua ya ISO 400, maana jioni kwetu giza linaingia haraka. Piga kwanza mkanda mmoja hapa nyumbani, usafishwe, uone picha kabla hujakata tiketi. Kama unapitia uwanja wa ndege wa Entebbe, filamu isiingie kwenye begi la kupakiwa. Ibebe mkononi na uombe kwa heshima ikaguliwe kwa mkono, kwa sababu eksirei inaiharibu, hasa mashine mpya za CT.

Njiani, kamera ikae kwenye mfuko wa plastiki wa kufunga, ndani ya begi, mbali na vumbi la boda na mbali na dashibodi ya gari yenye joto. Mkanda ukiisha, tafuta kivuli, bonyeza kitufe cha chini, zungusha mkono wa kurudishia mpaka usikie umelegea, na uendelee kidogo ili filamu yote iingie kwenye kopo lake, usije ukaipakia tena kwa makosa. Andika juu ya kopo kwa kalamu ya wino mzito: mahali na namba ya mkanda. Ndipo uweke mwingine.